PET au CT kwa saratani ya mapafu: kipimo kipi, kwa swali gani

Wengi hufika mapokezi wameshika bahasha moja kubwa ya kahawia. Ndani mna picha za CT ya kifua na ripoti ya ukurasa mmoja na nusu: uvimbe wa sentimita 3 au 4 kwenye pafu, tezi kadhaa zimevimba katikati ya kifua. Juu ya bahasha daktari ameongeza kwa kalamu: PET-CT. Hapo ndipo maswali yanapoanza. CT ilishakula akiba ya nyumbani, na hii ya pili bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kuna nini itakachoonyesha ambacho ya kwanza haikuonyesha? Na kama hii ndiyo bora, kwa nini hatukuanza nayo?

Nafanya kazi upande wa picha za tiba ya nyuklia, Nairobi, na maswali haya huyajibu kwa haraka mlangoni kuliko yanavyostahili. Hapa nayajibu kwa utulivu, kipimo kimoja kando ya kingine, kwa ajili ya mgonjwa na wale wanaomchangia.

Umbo upande huu, njaa upande ule

CT hutumia eksirei kukata mwili vipande vyembamba kwa picha. Inaonyesha umbo: uvimbe uko wapi, una milimita ngapi, kingo zake zimekwaruzika au ni laini, unagusa mshipa gani. Kwa kazi hiyo hakuna inayoishinda. Isichokijua ni kama hicho kinachoonekana kiko hai na kinakula, au ni kovu la ugonjwa uliopita.

PET inauliza swali jingine. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa pupa hata pale oksijeni ipo ya kutosha. Ulafi huo ndio tunaoutumia. Mgonjwa huchomwa sindano ya FDG, glukosi iliyobadilishwa kidogo na kuwekewa fluorini-18 yenye mionzi. Seli huimeza kama glukosi ya kawaida, kimeng'enya cha kwanza huigonga muhuri, kisha hatua inayofuata hushindikana kwa sababu umbo lake si lenyewe. Hunasa humo ndani. Fluorini nayo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miali miwili inayokimbia pande zinazopingana. Pete ya vigunduzi iliyomzunguka mgonjwa huinasa miali hiyo, na kompyuta hukokotoa ilikotoka. Penye seli zenye njaa, picha hung'aa.

Mzee mmoja aliyeishi kwa kuchoma nyama kwa zaidi ya miaka 30 nilimweleza hivi: CT ni kupita kijijini mchana na kuhesabu nyumba zote, PET ni kupita usiku na kutazama ni jiko lipi linawaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini mwanangu, jiko likiwaka haimaanishi kuna mwizi. Huenda mtu anapika tu." Sijapata kusikia udhaifu wa PET ukielezwa vizuri zaidi. Nitarudi kwake.

Jambo moja la kuondoa mkanganyiko: leo karibu hakuna mashine ya PET inayosimama peke yake. David Townsend na Ronald Nutt waliunganisha PET na CT katika mashine moja, na ya kwanza ya majaribio ilianza kutumika Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Kwa hiyo uamuzi ulio mbele yako ni CT pekee, au PET-CT. Mara nyingi CT iliyo ndani ya PET-CT hupigwa kwa mionzi midogo, bila dawa ya kung'arisha mishipa, kwa ajili ya kuonyesha mahali tu. Ndiyo maana ile CT ya bahasha haikupotea bure. Tunaisoma pamoja na hii, na ukija bila picha zake umetunyima nusu ya kazi.

Kinundu kidogo ambacho hakijajulikana ni nini

Hapa ndipo watu hukimbilia PET mapema mno. Kinundu chenye ujazo imara kikiwa chini ya milimita 8, PET haina msaada: ni kidogo kuliko uwezo wa mashine kukiona vizuri, na pafu linapanda na kushuka kwa pumzi hivyo mwanga wake hutawanyika. Kurudia CT baada ya miezi kadhaa na kupima kama kimekua ni bora zaidi, na ni nafuu. Mwongozo wa Fleischner wa mwaka 2017, ambao madaktari wengi wa picha huufuata, unaanzia hapo: juu ya milimita 8 ndipo unataja njia tatu, yaani CT nyingine baada ya miezi 3, PET-CT, au kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, kwa sindano.

Ipi kati ya hizo tatu? Ulaya na Amerika Kaskazini wengi wangesema PET-CT. Kwetu mimi nasita, na sababu ni kifua kikuu. Seli za kinga zinazopigana na kifua kikuu nazo hula glukosi kwa pupa, na kwenye picha hung'aa sawasawa na saratani. Mwaka 2014 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 70 zenye vinundu zaidi ya 8,500. PET ilitambua takriban asilimia 89 ya vinundu vya saratani, na hilo ni zuri. Lakini katika vinundu visivyo saratani, ilivisafisha asilimia 77 kwenye maeneo yasiyo na maambukizi mengi ya mapafu, na asilimia 61 tu kwenye maeneo yenye maambukizi hayo. Yaani katika kila watu 100 wasio na saratani wanaoishi kwenye maeneo kama hayo, takriban 39 wataambiwa kinundu chao kinang'aa. Fikiria usiku watakaolala watu hao 39 na familia zao.

Kuna na upande wa pili wa kosa. Aina fulani za saratani ya mapafu hazina njaa kubwa: karsinoidi, na zile adenokarsinoma za mwanzo zinazoonekana kwenye CT kama ukungu. Hizo PET inaweza kuzipita kimya. CT yenye ukungu uliokaa miezi mingi na sasa umeanza kushika ujazo imara katikati inanitia wasiwasi hata PET ikiwa baridi kabisa.

Ushauri wangu kwa Afrika Mashariki ni huu: kama kinundu kinafikika kwa sindano na mgonjwa ana nguvu, pesa ya kwanza iende kwenye kinyama. Makohozi yapimwe kifua kikuu sambamba. PET ije pale ambapo sindano ni ya hatari, au pale saratani imeshathibitishwa na sasa tunataka kujua imefika wapi.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kosa la kinyume chake nimeliona mara nyingi zaidi. Yule mzee wa nyama choma alikuwa amepewa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 kamili mahali fulani, makohozi yake hayajawahi kuonyesha mdudu hata mara moja. Kivuli kilikuwa kwenye eksirei, kikohozi kipo, uzito unapungua, basi ikadhaniwa. Alipokuja kwetu uvimbe ulikuwa umefikia sentimita 4.

Tezi za katikati ya kifua

Hapa PET-CT inalipa deni lake. Baada ya saratani kuthibitishwa, uamuzi wa kupasua au kutopasua hutegemea sana tezi za limfu zilizo baina ya mapafu mawili. CT huzihukumu kwa ukubwa: tezi ikizidi milimita 10 kwenye kipimo chake kifupi, inashukiwa. Shida ni kwamba tezi ndogo inaweza kuwa na saratani, na tezi kubwa inaweza kuwa imevimba kwa sababu ya nimonia ya mwaka jana.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2003 uliziweka CT na PET kando kwa kando. CT ilikamata asilimia 61 ya wagonjwa wenye saratani kwenye tezi hizo. PET ilikamata asilimia 85. Kwa wasio na saratani humo, CT ilisema ukweli kwa asilimia 79, PET kwa asilimia 90. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa na mtu anayesubiri kisu. Ila kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakisomi: pale CT ilipokuwa imeonyesha tezi zilizovimba, PET haikukosa karibu saratani yoyote, lakini usahihi wake wa kuwasafisha wasio nayo ulishuka hadi asilimia 78. Tezi kubwa inayong'aa inaweza kuwa imevimba tu bila saratani.

Na kwetu kuna sababu nyingine ambayo haimo sana kwenye vitabu vya wenzetu: moshi. Mtu aliyepika kwa kuni au mkaa miaka mingi ndani ya jiko lisilo na dirisha hubeba masizi kwenye tezi zake za kifua, na tezi hizo hung'aa kwenye PET. Mara nyingi hung'aa kwa ulinganifu, kulia na kushoto, na huo ulinganifu ni dalili tunayoitazama. Lakini dalili haitoshi kumnyima mtu upasuaji.

Picha ya mzee wetu naikumbuka hadi leo. Pafu la kushoto, juu, uvimbe mmoja mweusi tii (sisi huzisoma picha hizi zikiwa nyeusi juu ya nyeupe, penye njaa pakiwa peusi). Katikati ya kifua, tezi za kushoto zimekolea, na za kulia vilevile. Kwa PET peke yake hiyo ni saratani iliyovuka upande wa pili, na kisu hakipo tena. Tukaandika kwenye ripoti kwamba tezi zithibitishwe kwa kinyama kabla ya uamuzi wowote. Akafanyiwa bronkoskopi yenye ultrasaundi, mrija unaopita koo na kuchoma sindano kwenye tezi huku daktari akiziona kwenye skrini. Matone yaliyotoka yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Maabara haikupata seli ya saratani hata moja kwenye tezi hizo, kulia wala kushoto. Alipasuliwa, akatolewa sehemu ya juu ya pafu.

Kwa hiyo kama daktari ameandika PET-CT kwa ajili ya tezi, mwulize mapema: zikionekana zinang'aa, nani atazichukulia kinyama, na wapi? Kama jibu ni kwamba hakuna mpango, pangeni kwanza.

Kusambaa mwilini, na upasuaji usio na faida

CT ya kifua huishia kwenye ini na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. PET-CT huanzia chini ya fuvu hadi mapajani kwa mara moja, na kwenye mifupa inaona vizuri kuliko skani ya mifupa ya zamani. Faida yake imepimwa kwa namna ninayoiheshimu, yaani kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 188 kwenye hospitali 9 waligawanywa: wengine vipimo vya kawaida, wengine vipimo hivyohivyo pamoja na PET. Waliofunguliwa kifua bila faida walikuwa asilimia 41 upande wa kwanza na asilimia 21 upande wa PET. Denmark wakafanya utafiti wa namna hiyo kwa PET-CT na kuutoa mwaka 2009 kwa wagonjwa 189: kati ya waliopasuliwa, upasuaji usio na faida ulikuwa asilimia 52 bila PET-CT na asilimia 35 waliopata PET-CT.

Utafiti huo wa Denmark haukuona tofauti ya muda wa kuishi baina ya makundi mawili. PET-CT haikuwaongezea watu miaka. Iliwaepusha na kidonda kirefu cha mbavuni, wiki za maumivu na gharama ya chumba cha upasuaji, kwa saratani ambayo kisu kisingeiondoa. Kwangu hilo ni kubwa, ila familia ijue inanunua nini.

Ubongo ni habari nyingine. Ubongo hula glukosi mchana na usiku, hivyo kwenye PET wote ni mweusi, na uvimbe mdogo hujificha humo kama punje ya pilipili manga kwenye kahawa. Kwa ubongo, MRI. Mtu asikwambie "PET imeshatazama mwili mzima" ukaridhika.

Kutabiri: namba zinasema nini

Ripoti ya PET huja na namba, na namba huja na hofu. Inayoonekana zaidi ni SUV. Nieleze kwa mfano. Mgonjwa wa kilo 60 akidungwa megabekereli 300, dawa ikisambaa sawasawa mwilini, kila gramu ingepata kilobekereli 5. Tukikuta uvimbe umebeba 50, SUV yake ni 10: umekusanya mara 10 ya fungu lake. Zamani kulikuwa na mpaka wa 2.5, juu yake ni saratani na chini yake si saratani. Mpaka huo usiulalie. Kifua kikuu hai huuvuka kwa urahisi.

SUV ya juu kabisa hutoka kwenye nukta moja ndani ya uvimbe, na haisemi uvimbe una ukubwa gani. Ndiyo maana siku hizi tunapima pia ujazo wa sehemu yote yenye njaa, kisha tunauzidisha kwa wastani wa SUV ili kupata jumla ya ulaji. Uvimbe wenye ujazo wa mililita 40 na wastani wa 6 unatoa 240. Mwingine wenye ncha kali ya 12 lakini mililita 4 tu, wastani 7, unatoa 28. Ukitazama SUV ya juu pekee, wa pili ndio wa kutisha; ukitazama mzigo mzima, ni wa kwanza. Tafiti nyingi zimeona mzigo huo ukiendana na muda wa kuishi vizuri kuliko nukta moja.

Je, CT haitabiri? Inatabiri, kwa ukubwa na hatua ya ugonjwa, na hatua bado ndiyo mtabiri mkuu. Swali ni kama PET inaongeza kitu juu ya hatua. Hapa utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013 ulinifundisha unyenyekevu. Ulikuwa kwa wagonjwa wa hatua ya tatu waliotibiwa kwa kemo na mionzi pamoja. SUV iliyopimwa kabla ya matibabu haikutabiri nani ataishi muda mrefu. Iliyopimwa takriban wiki 14 baada ya mionzi ndiyo iliyotabiri: uvimbe uliobaki na njaa kali ulienda na maisha mafupi. Miaka kumi nyuma, Melbourne, Australia, walikuwa wameona jambo la karibu na hilo kwa wagonjwa 73: baada ya mionzi, majibu ya PET yalitabiri kuishi vizuri kuliko majibu ya CT kwa wagonjwa walewale.

Sababu yake inaeleweka ukiona picha zenyewe. Pafu lililochomwa mionzi hujikunja, hufanya kovu, na kwenye CT kovu na saratani hufanana. Mgonjwa anaambiwa "uvimbe bado upo" kumbe kilichopo ni kovu baridi. Mwingine anaambiwa "umepungua" kumbe kilichobaki kinawaka. Hata vigezo vyao vya kusoma nafuu vinatofautiana: CT huangalia kama kipenyo kimepungua kwa asilimia 30, PET huangalia kama ulaji wa glukosi umepungua kwa asilimia 30.

Lakini usiharakishe. Mionzi huliacha pafu lenyewe limevimba na kung'aa kwa wiki nyingi, hivyo PET-CT ngoja angalau wiki 12 baada ya mionzi. Kwa walio kwenye tiba ya kinga, seli za kinga zinaweza kuvamia uvimbe na kuufanya uonekane umekua na unawaka zaidi, hali kumbe dawa inafanya kazi. Vipimo vyote viwili hudanganyika hapo. Kama mgonjwa mwenyewe anapata nafuu, anakula, anatembea, rudieni picha baada ya wiki chache kabla ya kuitupa dawa.

Na tafadhali: namba ya kundi haimhukumu mtu mmoja. Nimewahi kuona kijana akisoma SUV ya mama yake kwenye simu pale kwenye benchi, akaihesabu kuwa ni miezi iliyobaki. Hakuna jedwali la namna hiyo. Hata mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa uvimbe uleule, kwa sababu ya sukari ya damu, dakika za kusubiri baada ya sindano na jinsi mashine ilivyosawazishwa. Ukirudia kipimo, rudia kwenye mashine ileile kadiri inavyowezekana.

Siku yenyewe

CT ni fupi: dakika chache mezani, na kama kuna dawa ya mishipa basi figo zipimwe kwanza. PET-CT ni nusu ya siku, na huharibika kabla haijaanza kama hukujiandaa. Usile kwa saa 6. Maji matupu yanaruhusiwa, chai hapana. Siku moja kabla usibebe mizigo wala kukimbia, maana misuli iliyochoka hula dawa yetu. Mwenye kisukari atuambie mapema anapoweka miadi: sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L mara nyingi tunaahirisha, na insulini iliyochomwa muda mfupi kabla huipeleka dawa yote kwenye misuli.

Baada ya sindano, saa moja ya kulala kimya kwenye chumba chenye mwanga hafifu na blanketi. Kimya kwelikweli, bila simu wala ubani wa kutafuna: anayeongea, misuli ya koo lake itang'aa. Mzee wetu alivumilia dakika kama kumi, akanong'ona: "Dokta, kumbe sukari ndiyo inalisha huu ugonjwa. Niache chai ya sukari?" Nilimjibu kwa kunong'ona pia, kwamba mwili wake hutengeneza glukosi hata akishinda njaa, na seli zote huishi kwa hiyo. Asijinyime chakula. Alikuwa amepungua kilo 9, na mtu anayekwenda kupasuliwa anahitaji nguvu.

Kwa upande wa mionzi, CT ya kifua ni takriban milisivati 6 hadi 7, PET-CT ni kati ya 10 na 25 kwa kutegemea CT iliyotumika. Mionzi ya asili ya ardhi na anga hutupa kama 2 hadi 3 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye saratani kiasi hicho hakina uzito mbele ya faida. Kwa mjamzito ni jambo jingine. Aliyepimwa asipakate mtoto mchanga kwa saa chache.

Inapatikana wapi, na kwa nini si kila mji

CT ipo kwenye hospitali nyingi za kaunti na za mikoa. PET-CT inahitaji dawa inayokufa haraka: fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Ikitoka Nairobi kwa barabara na kufika Mombasa baada ya saa 8, imebaki takriban asilimia 5. Kwa hiyo mashine hukaa karibu na siklotroni inayoitengeneza. Nairobi zipo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wagonjwa hutufikia hata kutoka nje ya Kenya. Wengine hupanda ndege hadi India. Usipande basi la usiku kabla ya kupiga simu asubuhi ya siku iliyotangulia kuthibitisha kwamba dawa itatengenezwa. Siklotroni ikigoma, siku hiyo haina kipimo.

Nikiwa na pesa ya kipimo kimoja

Kama saratani imethibitishwa, CT inaonyesha iko kwenye pafu moja na daktari anafikiria upasuaji au mionzi ya kuponya, ningechanga kwa ajili ya PET-CT, na ningeuza mbuzi ikibidi. Hapo jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu. Vivyo hivyo kwa mionzi ya kuponya: pafu lililojikunja nyuma ya uvimbe hufanana nao kwenye CT, na PET huwaonyesha wataalamu mahali pa kulenga.

Kama CT tayari inaonyesha ini limejaa na mifupa imeguswa, ningeiacha PET. Pesa hiyo ningeipeleka kwenye kinyama na vipimo vya jeni kama EGFR na ALK, maana kuna vidonge vinavyolenga mabadiliko hayo, na vinaweza kumpa mtu muda mrefu na mzuri. Nimeona familia zikimaliza michango kwenye picha, zikabaki bila ya kipimo cha kuchagua dawa.

Kama matibabu ya hatua ya tatu yamekwisha na CT inasema "masalia ya uvimbe au kovu", PET-CT baada ya wiki 12 ni ya kufaa, ikiwa kuna matibabu mengine ambayo jibu lingeyafungulia mlango. Kwa ufuatiliaji wa kawaida wa aliyepona, CT kila baada ya miezi michache inatosha. PET ije CT ikitia shaka.

Mzee wetu hufuatiliwa kwa CT tangu alipopasuliwa. Mara ya mwisho alikuja na bahasha ileile, sasa imefunikwa kwa nailoni, ndani yake CD ya PET, CD za CT zote na karatasi ya maabara yenye majibu ya tezi. Binti yake ameandika tarehe ya kila moja kwa kalamu ya rangi. Nilitamani kila mgonjwa abebe bahasha kama hiyo, maana daktari mgeni akiziona zile tezi zinang'aa bila karatasi ya maabara kando yake, ataanza hofu upya.